Tundu na Kichwa cha Skrubu: Kufundisha Kutoboa Chuma katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Utangulizi

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumwangalia mwanachuo wetu mmoja akifundisha kazi za mikono katika Darasa la Sita. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni alikuwa amechora keekee ya mkono kwa chaki za rangi, kila sehemu imetiwa namba na jina. Wanafunzi walinakili mchoro, wakataja kwa pamoja sehemu moja baada ya nyingine, na kipindi kikaisha bila kelele wala fujo. Tulimpa alama za juu. Wakati wote huo keekee yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini, hatua ishirini kutoka darasani.

Kengele ilipolia, msichana mmoja aliinuka kwenye dawati na sketi yake ikanasa. Tulipoinama kutazama, tuliona kuwa miguu ya dawati imeunganishwa na kiti kwa vibamba vya chuma, na vichwa vya skrubu vimesimama juu ya vibamba hivyo, kingo zake kali. Sketi ilichanika, na mguu ukapata mkwaruzo uliotoa damu. Dawati hilo lilikuwa limetengenezwa juma lililotangulia na wanafunzi wenyewe. Skrubu walizotumia zilikuwa za kichwa bapa, zile ambazo hapana budi zizame; lakini matundu waliyotoboa yalikuwa yamenyooka tu, hayakupanuliwa midomo. Watoto waliokuwa wametoka kutaja sehemu za keekee hawakujua kasoro hiyo, mwalimu wao hakuiona, na sisi tuliompa alama za juu hatukuwa tumeuliza.

Makala hii imeandikwa kwa sababu ya dawati lile. Makusudi yake ni kumsaidia mwanachuo kufundisha mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutoboa tundu katika chuma, na kupanua mdomo wa tundu hilo ili kichwa cha skrubu kizame. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa mwaka 1967, alitaka shule ziwe mahali ambapo kujifunza na kufanya kazi havitengani. Kazi isiyofikiriwa, hata hivyo, si elimu, na huweza kuumiza. Kwa upande wa pili, somo lisilogusa chombo huwaacha wanafunzi na majina tu.

Vifaa na majina yake

Yafaa mwalimu aanze na keekee ambayo jamii yetu imeifahamu tangu zamani. Mafundi wa majahazi wa pwani, toka Lamu hadi Unguja na kusini zaidi, wametoboa mbao kwa keekee ya uta. Chombo hiki kina kijiti cha mviringo kiitwacho msukano, ambacho hubeba chuma chenye ncha. Juu yake kuna jivu, yaani mpini unaoshikwa na kukandamizwa kwa mkono mmoja. Na mkono wa pili huvuta na kusukuma uta ambao kamba yake imezungushwa kwenye msukano. Fundi hutoboa kwanza, ndipo apigilie msumari, kwa kuwa msumari mnene ukipigiliwa bila tundu huupasua ubao.

Waulizeni wanafunzi: uta ukivutwa, ncha huzunguka upande gani? Ukisukumwa je? Wataona kwamba huzunguka huku, kisha kule. Kwa hiyo ncha ya keekee ya uta haina budi kunolewa iweze kukata pande zote mbili. Keekee ya mkono yenye gurudumu la meno, kinyume chake, huzunguka upande mmoja mfululizo. Kwa hiyo hufaa kwa biti iliyosokotwa, ambayo hukata upande mmoja tu.

Vifaa ambavyo mwanachuo anatakiwa kuvijua ni hivi:

(a) Keekee ya mkono. Kwa kawaida hushika biti zisizozidi milimita 6 au 8. Ndicho chombo kinachofaa zaidi kwa watoto, kwani mkono ukisimama, biti nayo husimama.

(b) Keekee ya kifua. Ni kubwa kuliko ya mkono, na juu yake kuna bamba ambalo fundi huliegemea kwa kifua ili kuongeza uzito. Hufaa kwa matundu makubwa zaidi.

(c) Keekee ya umeme, ambayo mafundi wengi huiita drili. Arthur James Arnot na William Blanch Brain waliipatia hataza mjini Melbourne, Australia, mwaka 1889. Katika shule ya msingi, hii ishikwe na mwalimu peke yake.

(d) Biti iliyosokotwa. Stephen A. Morse wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1863. Kabla yake mafundi walitumia zaidi biti bapa, ambazo hazikuwa na njia nzuri ya kutolea mabaki ya chuma.

(e) Panchi. Ni kipande cha chuma kigumu chenye ncha, kinachopigwa kwa nyundo ili kuacha kijishimo mahali ambapo tundu litatobolewa.

(f) Biti ya kuzamishia. Ncha yake ina umbo la pia na makali yanayoteremka kandokando. Haitoboi tundu jipya; kazi yake ni kupanua mdomo wa tundu lililokwisha kutobolewa.

(g) Biti ya kupanulia yenye kitako bapa. Hii hutengeneza nafasi ya duara yenye sakafu iliyo sawa, kwa ajili ya kuficha bolti ambazo vichwa vyake vina umbo la mcheduara. Wanafunzi wa shule ya msingi hawataihitaji, lakini mwalimu asiichanganye na ile ya kuzamishia.

Pamoja na hivyo patakuwapo jiliwa la kubania kazi, tupa, rula, pembemraba, msumari ulionolewa wa kuchorea, nyundo, brashi, na mafuta kidogo ya mashine.

Jinsi biti inavyokata

Mpeni kila mwanafunzi nafasi ya kuitazama biti kubwa kwa karibu, kisha mwulizeni anaona nini. Ataona kwanza kuwa nchani mna makali mawili, wala si moja. Makali hayo hukutana yakifanya pembe. Katika biti za kawaida pembe hiyo ni nyuzi 118, na katika biti za kutobolea vyuma vigumu mara nyingi ni nyuzi 135. Ataona pia mifereji miwili iliyosokotwa kuzunguka biti. Mifereji hiyo hupandisha mabaki ya chuma yatoke nje, na huyapa mafuta njia ya kuteremkia.

Jambo la tatu si rahisi kuonekana, nalo ndilo linalomponza fundi asiye mzoefu. Katikati kabisa ya ncha, mahali makali mawili yanapokutana, pana ukingo mfupi ambao haukati sawasawa; husugua na kusukuma tu. Kwa sababu hiyo, biti ikiwekwa juu ya chuma laini kisicho na alama, hutangatanga kabla ya kuanza kuingia. Panchi ndiyo tiba yake. Kijishimo cha panchi huikaribisha ncha na kuituliza mahali pake.

Msiwaambie wanafunzi habari hii kabla hawajaiona. Chukueni vipande viwili vya chuma bapa, kile ambacho wachomeleaji hukiita flatibaa. Kimoja kipigwe panchi, cha pili kichorwe msalaba tu. Mwanafunzi mmoja atoboe vyote viwili, wenzake wakitazama. Biti itakapotoka kwenye msalaba na kuacha mkwaruzo, mwulizeni darasa: "Kwa nini hiki kimekimbia na kile hakikukimbia?" Jibu watakalolitafuta wenyewe litakaa kichwani mwao kuliko sentensi kumi za ubaoni.

Mabaki ya chuma nayo yana habari ya kutoa. Makali mawili yakiwa yamenolewa sawa, nyuzi mbili za chuma hupanda zikijisokota, moja kwa kila mfereji. Ukiona uzi unatoka upande mmoja tu, fahamu kwamba makali hayalingani urefu au pembe. Na tundu litakalopatikana litakuwa pana kuliko biti. Ukiona vumbi badala ya nyuzi katika chuma cha kawaida, yumkini biti ni butu au haikandamizwi vya kutosha. Chuma cha kalibu, kama kile cha sufuria nzito za zamani, hutoa vumbi kwa asili yake, nacho hutobolewa pakavu bila mafuta. Chuma laini cha kawaida hutaka mafuta, ili joto lipungue na makali yadumu.

Hatua za somo

Somo hili lisifundishwe kwa siku moja. Tunapendekeza hatua tano.

Hatua ya kwanza: Tatizo. Anzeni na kitu halisi kilichomo shuleni: dawati, bawaba ya mlango, kitasa cha dirisha. Wanafunzi wapitishe viganja vyao polepole juu ya viungo vya chuma na kueleza wanachohisi. Wapewe skrubu za aina mbili, za kichwa bapa na za kichwa cha mviringo, wazitazame na kuzichora. Ulizeni: "Kwa nini aliyeitengeneza hii aliipa kichwa chenye umbo la pia upande wa chini?" Mwalimu asikimbilie kujibu.

Hatua ya pili: Sabuni. Kabla ya kugusa chuma, tumieni kipande cha sabuni ya mche. Wanafunzi watoboe tundu lililonyooka katika sabuni kwa keekee ya mkono, kisha wapanue mdomo wake kwa biti ya kuzamishia. Halafu sabuni ikatwe kwa kisu katikati ya tundu. Sasa kila mtoto ataona kwa macho yake kile ambacho chuma hukificha: sehemu ya juu inayopungua upana kadiri inavyoteremka, na sehemu ya chini iliyonyooka. Skrubu ikilazwa ndani ya nusu ya tundu hilo, hukaa kama yai katika kiota chake. Sabuni haipotei, hukusanywa na kutumika kunawia mikono baada ya kazi.

Hatua ya tatu: Kupima, kuchora na kupiga panchi. Kila mwanafunzi apewe kibamba chake, hata kama ni mabaki yaliyoombwa kwa mchomeleaji. Achore mistari miwili inayokatana kwa msumari ulionolewa. Panchi isimamishwe wima juu ya makutano, ipigwe kwanza pigo dogo, itazamwe, na ikiwa iko mahali pake ipigwe pigo moja imara. Kosa lililogunduliwa baada ya pigo dogo hurekebishika. Baada ya tundu kutobolewa, kibamba kimeharibika.

Hatua ya nne: Kutoboa. Kibamba kibanwe kwenye jiliwa au kwenye meza, chini yake pakiwa na kipande cha ubao. Wanafunzi wafanye kazi wawiliwawili: mmoja azungushe, mwingine asimame ubavuni na pembemraba akiangalia kama keekee imesimama wima, kisha wabadilishane. Tundu likiwa kubwa, litanguliwe na tundu dogo, kwa kuwa biti kubwa ina ukingo mpana usiokata katikati yake. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, mkono upunguze nguvu. Hapo ndipo biti hunasa na kuvunjika, hasa katika bamba jembamba. Bamba jembamba sana libanwe katikati ya mbao mbili na kutobolewa pamoja nazo.

Hatua ya tano: Kuzamisha. Biti ya kuzamishia huzungushwa polepole kuliko biti ya kutobolea, na hukandamizwa kwa mkono usiotetema. Ikizungushwa kwa kasi hurukaruka na kuacha mistari ukutani mwa tundu. Baada ya mizunguko michache, mwanafunzi aiondoe, aweke skrubu, na atazame. Arudie hivyo mpaka uso wa kichwa ulingane na uso wa chuma, au uwe chini yake kidogo sana. Asisahau upande wa nyuma wa tundu, ambako biti imesukuma vimeno vikali vya chuma nje. Mzunguko mmoja mwepesi wa biti ya kuzamishia, au tupa, huviondoa.

Swali la pembe

Hapa wanachuo wengi hukosea, na kosa lenyewe huonekana dogo. Shule ikikosa biti ya kuzamishia, baadhi yetu huchukua biti kubwa ya kawaida na kupanua mdomo wa tundu kwayo. Je, yafaa?

Skrubu za kichwa bapa za mfumo wa metriki huwa na pembe ya nyuzi 90 chini ya kichwa. Skrubu za inchi za mtindo wa Marekani huwa na nyuzi 82. Biti ya kawaida, kama tulivyosema, ina nyuzi 118. Kichwa cha nyuzi 90 kikiwekwa katika mdomo wa nyuzi 118, hakigusi ukuta wote. Hugusa chini tu, pale mdomo unapokutana na tundu lililonyooka, na juu kunabaki ufa. Kichwa hukaa juu ya mstari mwembamba wa duara. Kazi ikitikiswa kila siku, kama dawati linavyotikiswa, skrubu hulegea.

Kwa hiyo, ikiwa hapana biti ya kuzamishia, mwalimu achukue biti kuukuu, ampelekee fundi mwenye jiwe la kunolea, amwombe ainoe upya ifikie nyuzi 90, makali yote mawili yakiwa na urefu sawa. Chombo hicho kitatumika shuleni kwa muda mrefu. Kipimo cha kukagulia hutengenezwa na wanafunzi kwa kukata pembe ya mraba katika kipande cha bati. Ncha ikiingia ndani yake bila kuacha mwanga, pembe ni sahihi.

Hesabu ndani ya karakana

Somo hili lina hesabu za kutosha, na hesabu hizo zina sababu. Kwa mdomo wa nyuzi 90, kila upande huteremka kwa nyuzi 45. Maana yake ni kwamba kila tunapoteremka milimita 1, upana hupungua milimita 2, yaani milimita 1 kwa kila upande.

Mfano wa kwanza. Kichwa cha skrubu kina upana wa milimita 8.5, na tundu lake lina upana wa milimita 4.5. Mdomo uwe na kina gani?
Tofauti ya upana: 8.5 - 4.5 = 4.
Kina: 4 ÷ 2 = milimita 2.
Kibamba kikiwa na unene wa milimita 3, chini ya mdomo hubaki milimita 1 ya tundu lililonyooka. Kazi ni salama.

Mfano wa pili. Skrubu ni ileile, lakini kibamba kina unene wa milimita 1.5 tu.
Tukiteremka milimita 1.5, upana hupungua milimita 3.
Upana wa chini kabisa: 8.5 - 3 = milimita 5.5.
Tundu lililonyooka la milimita 4.5 limekwisha, limegeuka kuwa la milimita 5.5, na ukingo wake wa chini umekuwa mkali kama kisu. Waulizeni wanafunzi wafanye nini. Wengine watasema itumike skrubu ndogo zaidi. Wengine watataka kibamba kinene. Wengine watasema itumike skrubu ya kichwa cha mviringo, mahali ambapo mwili wa mtu haupiti. Majibu yote matatu yaweza kuwa sahihi. La muhimu ni kwamba mtoto ameamua kabla ya kuharibu chuma.

Kwa wanafunzi waliokwisha jifunza mzingo wa duara, ongezeni swali la kasi ya keekee ya umeme. Tuseme makali ya biti yanatakiwa kusafiri mita 25 kwa dakika juu ya chuma laini. Mzingo wa biti ya milimita 6 ni 6 × 3.14 = milimita 18.84. Gawanya 25,000 kwa 18.84, utapata mizunguko 1,327 hivi kwa dakika. Biti ya milimita 12 ina mzingo wa milimita 37.68, na kasi yake ni mizunguko 663 hivi. Biti ikiongezeka upana maradufu, kasi hupungua kwa nusu. Hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini fundi aliyeiendesha biti nene kwa kasi ya biti nyembamba ameiunguza.

Darasa kubwa na keekee moja

Wanachuo hutuambia mara kwa mara: "Tuna wanafunzi 48 na keekee moja. Tutafanyaje?" Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa maneno ya kutia moyo. Jibu letu ni mpango.

Gawanyeni darasa katika vikundi 8 vya wanafunzi 6. Kila kikundi kipewe zamu ya dakika 20 kwenye keekee. Vikundi 8 mara dakika 20 ni dakika 160, yaani vipindi viwili vya mfululizo vya dakika 80 kila kimoja. Katika zamu moja, jozi tatu hutoboa matundu matatu. Wakati huo vikundi saba vilivyobaki visikae bure: viwili vifanye kazi ya sabuni, viwili vipige tupa kingo za vibamba, viwili vifanye hesabu za kina, na kimoja kichore kazi pamoja na vipimo vyake. Juma linalofuata, mpango huohuo urudiwe kwa kuzamisha. Mwalimu asimame karibu na keekee muda wote, mahali anapoliona darasa lote.

Tunaomba pia jambo moja liangaliwe. Katika shule kadhaa tumeona wavulana wakizungusha keekee na wasichana wakifagia maranda ya chuma. Zamu igawiwe kwa majina yaliyoandikwa, wala si kwa mwenye kifua au mwenye sauti.

Usalama

Masharti yafuatayo yafundishwe kabla ya kazi, yaandikwe ukutani, na yafuatwe na mwalimu wa kwanza:

1. Kazi ibanwe daima. Kibamba kilichoshikwa kwa mkono, biti ikinasa, huzunguka pamoja nayo na kukata vidole.
2. Nywele ndefu zifungwe, mikono ya shati ikunjwe, tai na kanga ziwekwe mbali. Glavu zisivaliwe karibu na biti inayozunguka, kwani hunaswa.
3. Macho yakingwe kwa miwani ya kazi.
4. Maranda ya chuma yaondolewe kwa brashi. Yasipulizwe kwa mdomo wala kuguswa kwa vidole.
5. Biti iliyotoka kutoboa isiguswe, ina joto.
6. Keekee ya umeme ichomolewe kwanza kabla ya kubadili biti.
7. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo karakanani, si ofisini tu.

Kupima maendeleo

Msiwapime wanafunzi kwa kutaja sehemu za keekee. Wapeni kibamba, skrubu na kipande cha ubao, waunganishe. Kisha tazameni mambo manne: je, tundu liko mahali palipopimwa? Je, limenyooka? Je, kichwa kimelingana na uso wa chuma? Je, pande zote mbili hazina vimeno? Swali la mwisho hujibiwa kwa kiganja.

Hitimisho

Juma lililofuata baada ya tukio tulilolieleza, tulirudi katika shule ile tukiwa na mwanachuo wetu. Kabati lilifunguliwa. Ilituchukua vipindi sita kuyapitia madawati yote yenye vibamba, na wanafunzi ndio waliotoa skrubu, wakapanua midomo ya matundu, na kuzirudisha. Biti mbili zilivunjika. Kibamba kimoja kilipanuliwa kupita kiasi, na aliyekipanua alieleza mwenyewe, mbele ya wenzake, kilichotokea. Yule msichana alipewa kazi ya kukagua: alipitisha kiganja chake juu ya kila kiungo, na mara mbili alikirudisha kiungo kwa waliokitengeneza.

Tangu hapo, tunapomwangalia mwanachuo akifundisha somo la ufundi, tunaanza kwa kuuliza chombo kiko wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa ufundishaji huanzia pale mwalimu anaporidhika na jina la kitu.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa nini biti hutangatanga juu ya chuma kisichopigwa panchi. Andaa jaribio la dakika 10 la kuwaonyesha wanafunzi.
2. Kichwa cha skrubu kina upana wa milimita 10 na tundu milimita 5. Kwa mdomo wa nyuzi 90, tafuta kina chake. Kibamba kisipungue unene gani ili ibaki milimita 1 ya tundu lililonyooka?
3. Tafuta katika shule unayofanyia mazoezi kiungo kimoja cha chuma kilichofanywa vibaya. Tayarisha andalio la somo litakaloanza na kiungo hicho.
4. Shule ina wanafunzi 60 na keekee mbili za mkono. Tengeneza mpango wa zamu, ukionyesha kila kikundi kitafanya nini katika kila dakika 20.